Miji Aliyoitoa Tupokigwe

Tupokigwe anaingia Makumbusho ya Lugombo bila haja ya kutazama chochote. Amekuja kuchukua koti. Wifi yake, Sekela, ametangulia na mkoba kwapani, anapiga hodi kwa sauti ya mtu aliyezoea kufunguliwa. Mlango mzito wa mbao uliwekwa na Wajerumani zamani hizo, jengo lilipokuwa boma, kabla halijawa jela, kabla halijawa ghala la pareto, na sasa unakoroma, unafunguka, na kuwameza wote wawili. Ndani ni baridi, pananuka manyoya na dawa ya nondo. Chui aliyekaushwa amesimama juu ya meza akiwa ameachama, macho yake ya kioo yanamtazama kila anayeingia na hayamwoni yeyote. Nyuma yake wapo mbega, pongo na kakakuona, na ndege waliopangwa kwa urefu kama wanafunzi mstarini. Ghorofani, kibao kinasema, kuna mambo ya utamaduni: ngoma, vinu, mikuki, nyumba nzima ya mianzi. Mhifadhi, Bwana Ndimbumi, anatoka ofisini akifuta mikono na kuwapa pole kabla hawajasema neno, maana habari anazo, kama mji wote ulivyo nazo. Gwamaka, mume wa Tupokigwe na kaka yake Sekela, ndiye aliyekuwa akikamata vipepeo na ndege wa makumbusho haya. Siku moja alipanda msituni na wavu wake begani, hakushuka. Huu ni mwaka wa nne. Ametafutwa na askari wa misitu, ametafutwa kwa mbwa, ametafutwa kwa waganga, haukuonekana mfupa wala kiatu. Sasa ukoo umekata shauri kumzika, na kesho asubuhi ndiyo siku yenyewe. Watazika mgomba, kama wanavyozikwa waliopotea, lakini mgomba hauzikwi uchi, sharti uvikwe nguo iliyoonja jasho la mwenyewe. Na nguo za Gwamaka zilizobaki nyumbani Tupokigwe amezifua, akazifua tena, akazipiga pasi zimngoje, mpaka zimemsahau. Limebaki koti lake la kazi, linaloning'inia chumba cha kukaushia wanyama, hapa hapa.

Aliyekata shauri ni baba mkwe. Tupokigwe hajakubali. Hajakataa pia, kwani atamkataliaje mtu asiyeruhusiwa kumtazama? Katika ukoo huo mke wa mtoto hamwangalii baba mkwe usoni. Wakikutana njiani, mwanamke hutoka pembeni akachuchumaa, akajifunika kitenge kichwani mpaka miguu ile ipite. Mzee akiwa na neno la kumwambia, humwambia mbuzi, au nguzo ya baraza, na mwanamke husikia. Tangu aolewe, Tupokigwe anamjua baba mkwe kwa mabuti yake ya mvua yaliyokatwa shingo, kwa unyayo wa kushoto unaotazama pembeni, na kwa kikohozi kikavu. Juma lililopita alimsikia akiiambia nguzo, Nguzo, mwambie mama wa nyumba hii kwamba tutamzika mtoto. Akalala macho tangu siku hiyo. Wifi, anasema Sekela, kaa kwenye benchi upumzike, mimi niongee na Bwana Ndimbumi, tukichelewa mvua itatukamata mlimani. Nenda tu, anajibu Tupokigwe, mimi nipo. Anakaa. Mbele yake kuna kabati pana la vipepeo, aliowakamata Gwamaka, aliowatunga Gwamaka kila mmoja na pini yake, na chini ya kila mmoja kuna kibandiko chenye mwandiko wake wa kulalia upande. Anainama asome, paji la uso linagusa kioo, kioo ni baridi na kizuri kama kitambaa cha maji juu ya homa, na macho yake, yaliyogoma siku zote hizo, yanajifunga yenyewe.

Kioo kinalegea. Kinalegea kama utando juu ya maziwa ya moto, paji la uso linapita, pua inapita, mabega yanapita, na Tupokigwe amesimama upande wa pili, kwenye barabara ya udongo mwekundu isiyo na mwanzo. Kulia ni kioo na kushoto ni kioo, virefu mpaka macho yanachoka, na nyuma ya kila kioo kuna mji. Anatembea. Anauona mji wa Lugombo, soko lake na kanisa lake na kituo cha mafuta, na watu wake wote wamesimama palepale walipokuwa, muuza ndizi ameinua mkungu, fundi baiskeli ameinamia gurudumu, hakuna anayepepesa jicho. Anautazama mji wa kushoto, nao ni Lugombo, umegeuzwa tu, soko limehamia alipozoea kuliona kanisa. Anatembea tena, na Lugombo tena, na Lugombo tena, na katika kila mmoja kuna mwanamke kwenye kibaraza mwenye pasi mkononi na shati jeupe mbele yake. Tupokigwe hamtazami kwanza, halafu anamtazama, halafu anatamani asingemtazama, maana ni yeye mwenyewe. Anageuka arudi alikotoka. Nyuma yake hakuna benchi wala kabati, ni barabara tu, na kutoka huko kuna mtu anakuja. Anasikia kikohozi kikavu. Magoti yake yanamtii kabla ya akili, anatoka pembeni, anachuchumaa, anavuta kitenge kichwani, na chini ya upindo wa kitenge anayaona mabuti yaliyokatwa shingo yakija na kusimama mbele yake, unyayo wa kushoto ukitazama pembeni. Anangoja yapite. Hayapiti. Anaiba jicho kidogo, mpaka magoti, mpaka kifua, mpaka kola ya shati, na juu ya kola, mahali pa uso, pana weupe mtupu kama ukuta uliopigwa chokaa. Anainamisha kichwa upesi. Kioo, inasema sauti ile, ikikiambia kioo cha kulia kama mzee anavyoiambia nguzo, kioo, mwambie mgeni anifuate. Tupokigwe naye anakiambia kioo, Mwambie mzee nataka kutoka, wifi yangu ananingoja. Kioo, inajibu sauti, mwambie kutoka kuna bei ya neno moja tu. Kitendawili!

Tangu utotoni hajui jibu jingine ila lile moja, na linamtoka. Tega. Sauti inatega. Hajaoza na hajapona. Anasalimiwa kila asubuhi na hajaonwa hata siku moja. Tupokigwe anawaza haraka, anawaza kama mtu anayetafuta ufunguo na mvua inanyesha. Chui, anasema, chui aliyekaushwa, yule wa mlangoni. Sauti inacheka kidogo, si kicheko kibaya. Chui kila mtu anamwona. Nipe mji. Na sheria ya vitendawili Tupokigwe anaijua, aliyeshindwa hutoa mji, nyumbani walikuwa wakipeana Tukuyu na Dodoma na Unguja kama mtu anayegawa karanga. Nakupa Lugombo, anasema, kwa kuwa ndio ulio mbele ya macho yake. Mara taa za Lugombo zinazimika. Soko linazimika, kanisa, fundi baiskeli na gurudumu lake, vioo vyote vya Lugombo kulia na kushoto vinakuwa vyeusi kama sufuria. Tupokigwe anangoja jibu, maana mtegaji akishapewa mji husema amefika huko, amekula wali, amekunywa chai, kisha hutoa jibu, ndivyo mchezo ulivyo. Huyu hatoi jibu. Mabuti yanaanza kutembea, na kwa kuwa Lugombo haipo tena, Tupokigwe hana pengine pa kwenda isipokuwa nyuma ya mabuti.

Wanakwenda. Barabara inapinda na kujikunja kama utumbo, inapanda ngazi za mbao bila wao kupanda, na sasa nyuma ya vioo hakuna mji, kuna vitu. Kuna kinu ambacho mchi wake unapanda na kushuka bila mkono. Kuna ngoma inayopigwa bila sauti. Kuna kitanda cha uzazi, mtungi, jembe, na kila kitu kina kibandiko chenye mwandiko wa kulalia upande, na Tupokigwe anauona mwandiko huo na kuanza kukimbia, anaipita miguu ya mzee jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani, anakimbia akisoma, mtungi wa mama, jembe la mama, kitanda alichozaliwa mama, mpaka anafika mwisho wa barabara. Mwisho ni kioo kimoja kikubwa, na nyuma yake msitu. Si picha. Umande unadondoka kwenye majani, ukungu unatembea, na katikati ya msitu amesimama mwanamume aliyewapa mgongo, koti la kazi mwilini, wavu begani. Gwamaka! Tupokigwe anakipiga kioo kwa viganja, kwa ngumi, kwa paji la uso. Gwamaka, geuka! Ni mimi, Tupo! Mgongo haugeuki. Shingo ni yake, na kisogo ni kile kile alichokuwa akikinyoa kwa wembe kila Jumapili, na bega moja liko chini kuliko jingine kama siku zote. Nyuma yake mabuti yanafika taratibu. Kioo, inasema sauti, mwambie. Hajaoza na hajapona, anasalimiwa kila asubuhi na hajaonwa hata siku moja. Analia kila siku na hajasikiwa. Ni huyu! anapiga kelele Tupokigwe. Ni Gwamaka, namsalimia kila asubuhi nikifungua dirisha, namwambia umeamkaje! Kioo, inajibu sauti, mwambie kwamba Gwamaka alionwa, alipendwa na alionwa. Nipe mji. Tupokigwe analia sasa. Nakupa Ilolo, anasema, kijiji nilichozaliwa. Na ndani yake kitu kinazimika, anasikia hasa kinavyozimika, njia ya kisimani, mti wa mparachichi wa shangazi, kaburi la mama yake na maua yake ya njano, na anajaribu kulikumbuka jina la kisima, halipo.

Hapo kioo kinafunguka, chini kabisa, pembeni, uwazi wa kutosha mtu mmoja. Kioo, mwambie nafasi yake ipo, inasema sauti, na kwa mara ya kwanza sauti hiyo ni kama ya mtu asiyependa anachokisema. Tupokigwe anaona kuwa karibu na miguu ya Gwamaka pamewekwa kigoda, mbele ya kigoda meko, juu ya meko chungu, na kibandiko kimeshachomekwa ardhini kikingoja, mke anayemngoja mume, Lugombo, milima ya kusini. Nikiingia nitatoka? anauliza. Mabuti yanasogea pembeni kumpisha. Anaingia. Wewe na mimi tungesema asiingie, lakini yule pale ni mume wake, na miaka yote hii hajawahi kuwa karibu naye kiasi hicho. Anakaa juu ya kigoda. Uwazi unajifunga bila sauti. Kuna joto humu, kuna harufu ya koti, na kwa muda, hajui mrefu au mfupi, Tupokigwe anapumzika kama hajapumzika tangu siku ile. Kisha anataka kuinua mkono amguse Gwamaka kwenye kifundo cha mguu, na mkono hauinuki. Anataka kugeuza shingo, shingo imekaa. Kitu kikavu kinapanda kooni, kinajaza mashavu, na anajua ni nini, ni pamba, pamba na maranda ya mbao, kama zile zinazochungulia kwenye mshono wa yule chui. Nje ya kioo watu wanaanza kupita. Anapita mwalimu wa Jumapili, anapita mama anayemuuzia maziwa, wanasimama, wanainamisha vichwa, wanasema pole, pole sana, jipe moyo, wanaendelea na safari. Anapita Sekela. Sekela anakaribia kabisa mpaka pumzi yake inafanya ukungu kwenye kioo, na Tupokigwe anampigia kelele kwa nguvu zake zote, Wifi, nitoe, nimekaa vibaya, nitoe! Mdomo hautikisiki. Mvumilivu kweli, Sekela anamwambia mtu asiyeonekana, mwanamke wa namna hii huwezi kumpata siku hizi. Anasogea akamtazame kakakuona. Na mgongo wa Gwamaka umesimama pale pale, haujawahi hata kujua kwamba kuna mtu amekuja kukaa chini yake, na Tupokigwe anafahamu, polepole, kama mtu anayefahamu kwamba maji aliyoyakanyaga ni damu, kwamba mgongo huo hautageuka, na kwamba kigoda hiki hakikutengenezwa leo, amekikalia mwaka wa nne sasa.

Mabuti yako nje ya kioo. Yapo yanangoja. Kitendawili, inasema sauti, safari hii bila kukituma kioo. Tega, anasema Tupokigwe ndani ya pamba, na ajabu ni kwamba neno hilo linapita. Hajaoza na hajapona. Anasalimiwa kila asubuhi na hajaonwa hata siku moja. Analia kila siku na hajasikiwa. Sasa analo jibu, na anashangaa hakuliona mapema, lilikuwa limemkalia usoni. Ni mimi, anasema. Anangoja uwazi ufunguke. Si wewe, inasema sauti. Wewe umesikiwa, ukoo mzima unakusikia, unaamka kwa kilio chako na kulala kwa kilio chako. Nipe mji. Tupokigwe anapekua. Lugombo ameitoa. Ilolo ameitoa. Anaita Tukuyu, Dodoma, Unguja, ile miji ya mchezo, yote imeshazimika zamani, haina hata harufu. Nimeishiwa, anasema, sina mji. Basi, inajibu sauti, na inakatika, kikohozi kinaikata, kikohozi kirefu kikavu ambacho katikati yake kuna kitu kingine. Tupokigwe anatega sikio. Amekisikia kikohozi hiki nyuma ya ukuta wa mianzi miaka yote aliyoolewa, alfajiri na jioni, na hajawahi kukisikiliza mpaka mwisho, maana heshima humtaka aondoke. Leo hawezi kuondoka. Anakisikiliza mpaka mwisho, na mwisho wake si kikohozi. Kitenge kiko kichwani pake, mikono haiinuki, lakini kichwa anakiinua, kidogo, kwa uchungu kama mtu anayeng'oa kisiki, anapita magoti, anapita kifua, anapita kola, kitenge kinateleza nyuma na kudondoka. Anamtazama baba mkwe usoni. Chokaa ile inapasuka kama ukuta wa udongo wakati wa kiangazi, inabanduka vipande vipande, na ndani yake kuna uso wa mzee, una kovu linalokata nyusi ya kulia, una mashavu yaliyoingia ndani, na ni uso wa Gwamaka, Gwamaka ambaye angezeeka, wenye macho mekundu ya mtu aliyelia peke yake muda mrefu sana na kila mara akasingizia kifua. Ni wewe, baba, anasema Tupokigwe. Mzee anamtazama naye. Mwanangu, anamwambia yeye, si kioo wala nguzo, mwanangu, nyumba uliishika wewe. Huzuni yote uliishika wewe, na watu wakija wanakuja kwako. Mimi ni mwanamume, tena mkubwa wa ukoo, nitalilia wapi? Nikaomba kaburi. Hata la mgomba. Nipate pa kusimama.

Mdomo wa Tupokigwe umejaa. Anaitema pamba. Anaitema na kuitema, ananyanyuka kutoka kwenye kigoda na mifupa yake inalia kama mlango wa boma, na kabla hajatoka anasimama nyuma ya mgongo ule, anaweka shavu kwenye koti. Gwamaka, anasema, baba yako amechoka. Nadhani koti linapanda na kushuka mara moja, kama mtu aliyeshusha pumzi, nadhani bega lile la chini linaanza kugeuka, lakini ukungu wa msitu umeshaingia katikati yao na Tupokigwe hangoji kuona, ananyoosha mkono mbele, na mkono wa mzee uko pale.

Wifi. Wifi, amka. Sekela anamtikisa bega. Kioo cha kabati kina alama ya paji la uso wake, na vipepeo wamekaa kwenye pini zao. Umelala kama mtoto, anasema Sekela, sikuwa na roho ya kukuamsha, hata Bwana Ndimbumi amesema tukuache. Koti hili hapa. Lipo kwenye mfuko wa plastiki, limekunjwa. Tupokigwe analipokea, halifungui. Wifi, anauliza, hapa ni wapi? Sekela anacheka, kisha anaacha kucheka. Ni Lugombo, wifi yangu. Unaumwa? Tupokigwe anatikisa kichwa. Wanatoka nje, na mji upo, muuza ndizi anashusha mkungu, gurudumu la baiskeli linazunguka, lakini kila anachokiona kinakuja na kuchelewa kidogo, kama kitu kinachowashwa kwa ajili yake akikifikia. Mlimani mvua inawapiga, anaipokea usoni na kuilamba midomoni, ina ladha ya mvua, naye anawaza kwamba hata kule umande ulidondoka.

Wanafika nyumbani alasiri. Wanaume wanachimba nyuma ya migomba, majembe yanasikika kwa zamu. Njiani, kutoka upande wa kaburi, mzee anakuja na mabuti yake, unyayo wa kushoto ukitazama pembeni, na wanawake waliokaa jikoni wanamwona Tupokigwe yuko katikati ya njia na wanangoja achuchumae. Magoti yake yanaanza kukunjika. Yanaishia hapo. Anainua kichwa, kitenge kimemwangukia mabegani, na mmoja wa wale wanawake anashika mdomo. Kovu liko juu ya nyusi ya kulia. Hakuna aliyewahi kumwambia habari za kovu hilo, si Gwamaka, si Sekela, wala hajawahi kuuliza. Majembe yamenyamaza. Mzee amesimama, anaitafuta nguzo kwa macho, anatafuta mbuzi, hakuna nguzo wala mbuzi njiani, kuna mke wa mtoto wake tu aliyenyoosha mikono yote miwili yenye mfuko. Umerudi? anamuuliza. Nimerudi, baba, anasema Tupokigwe. Njoo, ukamlilie mtoto wako. Twende wote. Mzee anachukua koti, analitoa mfukoni, anaweka uso ndani yake, na sauti inayomtoka haina kikohozi hata kidogo, ni kilio kikubwa cha mwanamume kinachopanda mpaka kwenye migomba, na wanaume walioko kaburini wanavua kofia. Tupokigwe anamshika mkono. Ni wa moto, una sugu, una mshipa unaopiga. Naye analia, kwa mara ya kwanza hajilazimishi kuishia mahali, na katikati ya kilio anasikia hatua za Sekela nyuma yake, anasikia kiganja kikitua begani pake polepole, na sauti ikianza, Wifi. Anafumba macho kwa nguvu na kuushika mkono wa mzee zaidi, kwa sababu hajui Sekela anataka kusema nini, na kama ni kumwamsha, hataki kuamka.